Chizikeki ni keki, pai au pudini? Jibu kwa muokaji wa Tanga

Msomaji mmoja wa Tanga ameniandikia hivi: "Shikamoo mwalimu. Naoka nyumbani, nauza kwa oda. Sasa natengeneza orodha yangu ya bei, nimeigawa mafungu manne: keki, pai na tati, pudini na vitu vya baridi, halafu biskuti. Kila kitu kimepata kwao isipokuwa chizikeki. Mume wangu anasema jina lenyewe limeshajibu, ni keki. Mteja wangu aliyewahi kufanya kazi jikoni hotelini anasema ni pai. Binti yangu kasoma mtandaoni kaja na lake, eti ni kastadi. Tena mwezi ujao kuna mashindano ya waokaji, na fomu yao ina vyumba viwili tu: 'keki' na 'vitindamlo vingine'. Niiweke wapi?"

Marahaba, dada yangu. Nikujibu kwanza, maelezo yafuate. Iweke kwenye pudini na vitu vya baridi, jirani kabisa na pudini ya karameli. Binti yako kapata. Mteja wako kapata nusu. Mumeo mtilie chai asubiri, tutamrudia, maana na yeye hakukosea sana kama unavyodhani.

Kwa nini nasema hivyo kwa uhakika? Kuna siku moja darasani ilinifundisha kuliko vitabu. Nilikuwa na mwanafunzi ambaye tayari alikuwa fundi wa keki za harusi, mkono wake mwepesi, keki yake haijawahi kukaa upande. Nikampa vipimo vya chizikeki nikatoka kidogo. Niliporudi alikuwa ameipiga ile krimu chizi (jibini laini ya kupaka) na sukari kwa mashine, mwendo wa kasi, dakika kumi nzima, mpaka imekuwa nyeupe na kuvimba. Katikati ya kazi alikuwa amegundua, kwa maneno yake, kwamba "mwalimu umesahau kuandika beking pauda", akanisaidia kwa vijiko viwili vya chai. Oveni kaiweka 180.

Dakika ya ishirini na tano ilikuwa imepanda ikavuka ukingo wa tini, wenzake wakampigia makofi. Dakika ya hamsini akachoma kijiti katikati kama tunavyofanya kwenye keki, kikatoka kimelowa. Akarudisha. Akachoma tena, kimelowa. Akarudisha tena. Kijiti kilipotoka kikavu hatimaye, akaitoa kwa furaha, akaiweka dirishani ipate upepo. Hazikupita dakika kumi katikati ikazama kama kiti cha kamba kilicholegea, ukatokea ufa wa kuingia kidole. Tulipoikata, ndani ilikuwa na chembechembe na majimaji pembeni, kama mayai ya kuvuruga yaliyosahaulika jikoni.

Angalia sasa: hakuna hata jambo moja alilolifanya vibaya kwa mtu anayeoka keki. Kupiga mpaka iingie hewa, kutia kiumuo, oveni ya moto, kijiti kikavu, yote ni sheria za keki. Alizitii zote na kila moja ikamwangusha, kwa sababu kilichokuwa kwenye tini hakikuwa keki.

Mbele ya kitindamlo chochote mimi huuliza swali moja: ni nini kinachokisimamisha? Ukikifungua kutoka kwenye tini, kwa nini hakimwagiki mezani?

Chukua mkate wa mayai. Mayai manne, sukari gramu 120, unga gramu 120. Ukihesabu mayai kwa gramu hamsini hamsini, unga ni zaidi ya robo ya mchanganyiko wote. Unapiga mayai na sukari, hewa inaingia, unatia unga, oveni inafanya ile hewa itanuke, na wakati huohuo wanga wa ngano unakunywa maji, unavimba na kushikana, protini za ngano na za yai zinakaza. Vile vitundu vya hewa vinabaki vimejengewa kuta. Ndiyo maana ukibonyeza mkate wa mayai kwa kidole unarudi juu, na ukiumega unaona matundu.

Sasa chizikeki ya kawaida ya kuoka. Krimu chizi gramu 600, sukari 180, mayai matatu, krimu ya maji mililita 150, na unga kijiko kimoja cha chakula, tuseme gramu 10. Jumla inakaribia gramu 1,090. Unga humo haufiki hata asilimia moja, na ukiuacha kabisa watu wengi hawatajua. Hauwezi kuwa nguzo ya nyumba. Nguzo ni yai. Protini za yai zikipata joto la polepole hufunguka, zikashikana zenyewe kwa zenyewe zikawa kama wavu, na ule wavu unayafunga maji, mafuta na sukari mahali pamoja. Protini za jibini zinasaidia. Hewa haina kazi yoyote pale, na ikiwepo nyingi ni hasara: itapanda, itashuka, itaacha ufa.

Kitu chenye maziwa au krimu kilichoshikwa na yai kwa moto kinaitwa kastadi. Najua neno hilo kwetu linaleta picha nyingine: ule unga wa njano wa kopo, unaokorogwa na maziwa ya moto na kumwagiwa juu ya matunda mwezi wa Ramadhani. Ule ni wanga wa mahindi wenye rangi na harufu ya vanila. Alfred Bird, mfamasia wa Birmingham, ndiye aliyeubuni mwaka 1837, kwa sababu mkewe alikuwa hapatani na mayai. Kwa hiyo kastadi tuliyokua nayo wengi wetu ilitengenezwa makusudi ili isiwe na yai, na hapo ndipo tunapopotea mtu akisema chizikeki ni kastadi. Usifikirie kopo. Fikiria pudini ya karameli ya nyumbani: mayai, maziwa, sukari, ndani ya bakuli, bakuli ndani ya maji ya moto. Toa sehemu kubwa ya maziwa, weka krimu chizi mahali pake, umepata chizikeki. Hawa ni ndugu wa tumbo moja, mmoja mwembamba na mwenzake kashiba.

Undugu wenyewe utauona siku ya kuzitoa kwenye oveni. Pudini ya karameli hungoji ikauke. Unaitikisa sahani; pembeni pametulia, katikati panacheza kidogo kama tumbo la mtoto anayecheka, basi unaitoa. Chizikeki vivyo hivyo. Ukiwa na kipimajoto, kichome katikati: kati ya nyuzi 65 na 70 za Selsiasi inatosha, itamalizia kukaza yenyewe ikipoa. Ukiipeleka mbele mpaka karibu na 80 ule wavu wa protini unajikamua kama nguo, unatema maji, ndizo zile chembechembe za mwanafunzi wangu. Kijiti kikavu kwenye chizikeki ni taarifa ya msiba. Na hii ndiyo sababu ya kuiweka tini ndani ya sinia lenye maji: maji huku kwetu pwani hayawezi kuvuka nyuzi 100, kwa hiyo pembeni pa tini hapaungui wakati katikati bado pabichi. Keki ya sponji ukiiokea ndani ya maji utaipoza bure.

Nije kwa mteja wako wa hotelini. Anaona kitako cha biskuti zilizosagwa na siagi, anaona kitu laini juu yake, anasema pai. Hoja yake ina mguu. Pai na tati ni majina ya chombo: ganda chini, kitu ndani. Wamarekani wana pai ya boga, na kilichomo ni kastadi ya mayai na boga. Hakuna sheria inayozuia kitu kuwa kastadi kwa ndani na tati kwa nje, kama vile mtu anavyoweza kuwa fundi seremala na wakati huohuo mpangaji wa nyumba namba fulani. Zamani Uingereza ilikuwa hivyo kabisa: kitabu cha wapishi wa Mfalme Richard wa Pili, mwishoni mwa karne ya 14, kina kitu kiitwacho sambocade, jibini mbichi iliyokamuliwa maji, ute wa mayai, sukari na maua ya mti wa elder, vyote ndani ya ganda la unga. Hiyo ukinionyesha leo nitasema tati bila kusita.

Tatizo la hoja ya ganda ni kwamba ganda linaondoka na chizikeki inabaki. Nenda San Sebastián, kaskazini mwa Hispania, kwenye baa iitwayo La Viña. Zaidi ya miaka 30 iliyopita mpishi wao Santiago Rivera alianza kutoa chizikeki isiyo na kitako hata kidogo, ndani ya karatasi ya kuokea iliyokunjamana, oveni kali mpaka uso unakuwa mweusi kahawia, katikati bado laini kama uji mzito. Dunia nzima sasa inaiga. Ina jibini, sukari, mayai, krimu na unga kidogo. Hakuna anayesema si chizikeki. Hata Warumi: Cato, katika kitabu chake cha kilimo cha karne ya 2 kabla ya Kristo, ameacha maelekezo ya savillum. Jibini ratili mbili na nusu, unga nusu ratili, asali robo ratili, yai moja. Inaokwa ndani ya chungu kilichopakwa mafuta, ikiiva inapakwa asali na kunyunyiziwa mbegu za mpopi, kisha inaletwa mezani ndani ya chungu kilekile pamoja na kijiko. Kijiko! Kitu kinacholiwa kwa kijiko kutoka kwenye chungu, mimi simwiti binamu wa keki ya harusi.

Na kitako nacho kinabadilika. Junior's ya Brooklyn, iliyofunguliwa mwaka 1950 na kujijengea jina kwa chizikeki ya New York, haiweki biskuti chini, inaweka tabaka jembamba la sponji. Kwa hesabu ya mteja wako, chizikeki ya Junior's ingekuwa keki na ya jirani yake ingekuwa pai, na nyama ya zote mbili ni ileile. Ndiyo maana nampa nusu.

Mpaka hapa nimezungumzia ya kuoka. Ile isiyookwa, ambayo naamini na wewe unaiuza kwa sababu inauzika, ni habari nyingine, na mimi husema kweupe kwamba ni kitu tofauti kilichoazima jina. Haina yai linaloiva, kwa hiyo si kastadi. Kinachoisimamisha ni moja kati ya haya: jelatini, au krimu iliyopigwa ikakaza pamoja na mafuta ya jibini yaliyoganda kwa baridi ya friji, au asidi, pale unapochanganya maziwa mazito ya kopo na maji ya ndimu ukaona yananenepa mbele ya macho yako bila moto. Hizo ni familia za musi, yaani vitindamlo vya krimu au povu vinavyokazwa kwa baridi, na za jeli. Waingereza wengi wakisema chizikeki wana hiyo vichwani, Wamarekani wana ile ya kuoka, na nusu ya mabishano unayoyaona mtandaoni ni watu wa vitu viwili wanaotumia neno moja.

Tofauti hii kwako wa Tanga ni ya fedha kabisa. Jelatini huyeyuka kwenye joto la chini kidogo ya joto la mwili wa binadamu. Ndiyo raha yake, inapotelea mdomoni. Lakini mchana wa Februari, gari limesimama juani, ndani ya boksi panafika joto hilo bila taabu, na mteja anafungua boksi anakuta mchuzi. Ile ya kuoka italegea, itatoa jasho, lakini haitarudi kuwa uji, maana yai likishaiva haliivuki. Ukitaka ya friji inayostahimili safari, kuna watu wa Mombasa wanaotumia chinagrasi, ile ya kutengenezea pudini za futari. Yenyewe lazima ichemke ndipo iyeyuke, na ikishashika haiyeyuki tena mpaka joto la nyuzi 85 hivi. Ubaya wake inakatika kwa meno, haina ule ulaini, kwa hiyo tumia kidogo kuliko unavyodhani. Tena nikukumbushe, ingawa pengine unajua kuliko mimi: jelatini nyingine ni ya nguruwe. Nunua ya ng'ombe yenye alama ya halali na uandike hivyo kwenye orodha yako, usingoje kuulizwa.

Halafu kuna Wajapani, ambao wameniharibia kanuni yangu nzuri. Chizikeki yao laini, ile inayotikisika ukiigusa sahani, wanaitenganisha mayai, wanapiga ute mpaka unasimama, wanauchanganya taratibu na jibini, kiini, unga kidogo na wanga wa mahindi, wanaoka ndani ya maji. Hapo hewa inafanya kazi kweli. Ukiikata unaona matundu madogo, ukiibonyeza inarudi. Inasimamishwa na povu la yai likisaidiwa na wanga, yaani kwa swali langu lilelile hiyo imeshavuka mto, iko upande wa keki, au tuseme iko kwenye kivuko kati ya keki na sufle, kile kitindamlo cha kuoka kinachopanda kwa povu la ute wa yai. Ukiamua kuiuza, iweke kwenye fungu la keki na dhamiri yako isikusumbue.

Sasa mumeo. Anasema jina limejibu. Sisi Waswahili tungekuwa wa mwisho kuamini hivyo. Mkate wa mayai ni mkate? Hauna hamira, haukandwi, ni sponji tupu. Mkate wa kumimina ni wa mchele na nazi na unaliwa mtamu. Mkate wa maji ni chapati ya kumimina. Wazee walikuwa wakisema hata mkate wa tumbaku, na haukuwa wa kuliwa. Neno mkate kwetu lilibeba kitu chochote kilichofinyangwa au kuokwa kikawa donge au bapa. Basi neno "cake" la Waingereza lilikuwa na tabia hiyohiyo. Lilitoka kwa watu wa Skandinavia wa zamani, likawa ni donge bapa la chochote, na bado wana "cake" za samaki na "cake" za shayiri zisizo na chembe ya sukari. Chizikeki ilipewa jina wakati neno lilikuwa pana. Baadaye neno likabana likabaki na sponji na krimu ya juu, chizikeki ikaachwa nje imeshika cheti cha kuzaliwa. Wapolandi wamekwepa ugomvi wote: yao inaitwa sernik, kutokana na ser, jibini. Na Waarabu wa Nablus, Palestina, wana kunafa, jibini chini ya tambi za unga na shira, ambayo ndugu zetu wa Muscat na Mombasa wanaila Ramadhani nzima bila mtu kuuliza ni keki au ni pai. Ni kunafa. (Kiswahili chetu nacho kimechokoza: neno chizi mitaani ni mwendawazimu. Nimeshawahi kuulizwa na mteja kama ile keki ya machizi ipo.)

Hata hivyo nilisema mumeo hakukosea sana, na ninayo hati ya kumtetea. Tume ya Codex Alimentarius, chombo cha FAO na WHO kinachoweka viwango vya chakula, ina mpangilio wa aina za vyakula kwa ajili ya viongezeo, yaani rangi, vihifadhi na kadhalika. Humo kuna namba 01.7, vitindamlo vya maziwa kama pudini na yogati ya matunda. Ungedhani chizikeki iko hapo. Haipo. Imetajwa kwa jina kwenye 07.2.1, pamoja na keki, biskuti na pai, imekaa kwenye mifano karibu na keki ya siagi. Mumeo na Codex wako upande mmoja wa meza.

Sioni mgongano. Mtu wa viongezeo anauliza: bidhaa hii inatoka kwenye kiwanda cha nani? Chizikeki inatoka kwa muokaji, basi inaenda kwa waokaji. Mpangaji mwingine ana swali lingine. Uingereza mwaka 1991 baraza la kodi lilikaa kuamua kama Jaffa Cakes za McVitie's, vile viduara vidogo vyenye jeli ya machungwa na chokoleti juu, ni keki au biskuti, kwa sababu biskuti iliyopakwa chokoleti inatozwa VAT na keki haitozwi. Zinauzwa kwenye rafu ya biskuti, ni ndogo kama biskuti, zinaliwa kwa vidole. Lakini mchanganyiko wake ni wa sponji, na likaangaliwa jambo ambalo kila mama wa nyumbani analijua: keki ikilala hukakamaa, biskuti ikilala hulegea. Jaffa ikilala hukakamaa. Ikaamuliwa ni keki. Kwa mtoza kodi lilikuwa swali la fedha, na lilipata jibu la fedha.

Jaribu kipimo hicho kwa chizikeki, utacheka. Iache kipande mezani usiku kucha na kipande cha keki ya siagi pembeni. Asubuhi keki imekakamaa na bado unaweza kuichovya kwenye chai. Chizikeki haikukakamaa wala haikulegea. Imechacha. Hapo ndipo mpangilio wangu unapopata maana kwako kuliko wa Codex, maana wewe huandiki jedwali la viongezeo, unaandika orodha ambayo mteja ataisoma na kijana wa bodaboda ataitekeleza. Fungu la keki kwenye orodha linamwambia mtu: inakaa mezani, itangoja wageni. Fungu la vitu vya baridi linamwambia: friji. Ushauri wa WHO kwa chakula kilichopikwa ni kisikae nje zaidi ya saa mbili, na chakula chepesi kuharibika kihifadhiwe chini ya nyuzi 5. Keki ya siagi isiyo na krimu inakusamehe. Kitu cha jibini na mayai laini hakikusamehi. Mama mmoja alinunua chizikeki kwangu miaka ya nyuma kwa ajili ya arobaini, akaiweka kabatini siku mbili "kama keki zako nyingine". Kosa lilikuwa langu. Kwenye risiti nilikuwa nimeandika keki.

Kwa hiyo orodha yako iwe hivi. Fungu la tatu ulibadili jina kidogo, liitwe "Pudini na vitu vya friji", na ndani yake uandike mistari miwili tofauti: chizikeki ya kuoka, na chizikeki ya friji isiyookwa. Bei zisilingane. Ya kuoka inakula mayai, gesi na saa nzima ya uangalizi, na inahitaji usiku mzima wa kupoa kabla ya kukatwa. Ya friji inakula jibini na krimu. Chini ya kila moja andika maneno manne: iwekwe kwenye friji daima. Mteja wako wa hotelini akiuliza pai iko wapi, mwambie akitaka utamtengenezea yenye ganda la unga lililofinyangwa, ukamtoze na kazi ya ganda.

Kuhusu mashindano, usijaze fomu kabla hujawapigia simu. Waulize jambo moja: kwenye chumba cha keki, majaji wanatoa alama kwa nini? Wakikwambia kupanda, matundu ya ndani, usawa wa tabaka na mapambo, chizikeki yako ya kuoka haina pa kupata alama hata iwe tamu vipi, ipeleke "vitindamlo vingine". Wakikwambia ladha na mwonekano tu, basi peleka popote palipo na washindani wachache, hilo si dhambi. Na kama wanalazimisha keki na wewe unataka kushindana na jibini, jifunze ile ya Kijapani, lakini anza leo, kwa sababu nne za mwanzo zitakunywea.

Maji ya kwenye sinia yawe yameshachemka unapoyatia, na tini izungushie karatasi ya foili mara mbili kwa nje. Wengi wanaoniletea malalamiko ya kitako kilicholowa, foili yao ilikuwa na tundu.